Sauti ya Emérence Penye Fromagerie

Kwa miaka mingi, mtu akifa katika milima ya Masisi, jina lake lilipita kwanza mdomoni mwa Emérence. Alikuwa msomaji wa matangazo kwenye redio ndogo ya Masisi-Centre: ng'ombe waliopotea, mikutano ya wazazi, vifo. Mkubwa wake, Papa Symphorien, alimfundisha kazi hiyo kwa maneno machache: "Sauti isipande, isishuke. Kulia ni kazi ya familia." Emérence akalishika hilo vizuri, hata watu wa upande wa Walikale, siku ambazo mawimbi yalifika, walimjua kwa sauti bila kumjua kwa sura.

Mume wake, Sébastien, alikuwa akitengeneza fromage, yaani jibini. Fromagerie yao ilikuwa chini ya barabara ya kwenda Lushebere, nyumba ya matofali yenye harufu ya maziwa yaliyochacha. Kila asubuhi wafugaji walishuka kutoka milimani na bidoni zao, naye aliyapima maziwa yao mmoja mmoja, akiwatania na kuwagombeza. Siku vita vilipoingia mtaani, Sébastien alikuwa kazini na Emérence alikuwa redioni. Watu walikimbia kila upande. Milio ilipopungua, majirani walimkuta Sébastien mlangoni mwa fromagerie, amepigwa risasi. Walimwambia Emérence kwamba alikufa palepale, peke yake, bila kuteseka. Wakamzika upesi.

Papa Symphorien alitaka mtu mwingine asome tangazo lile. Emérence alikataa. Alikaa mbele ya mikro, akasoma jina la mume wake, jina la baba yake na kijiji alichozaliwa, akasoma na jina la mjane, ambalo lilikuwa lake. Kisha akageuza karatasi, akasoma tangazo la ng'ombe mwekundu aliyepotea upande wa Lushebere.

Tangu hapo kitu fulani ndani yake kilinyamaza. Hakulia kwenye matanga, wala baadaye. Baada ya muda vyombo vya redio viliibwa, redio ikafa, naye akashika jembe kama wengine. Alilima maharagwe, alienda misa, alilala usingizi mzuri, na usingizi huo mzuri ndio uliokuwa ukimshangaza. Binti yake Josiane, aliyeolewa Goma, alimwambia siku moja kwenye simu, "Mama, unanisalimia kama unasoma communiqué ku redio." Emérence alifikiri kidogo, akaona ni kweli, akauliza habari za wajukuu kwa sauti ileile.

Msimu mmoja wa mvua akaja Laurence. Huyu alikuwa msichana wa mtaa wao aliyesomea Goma, akarudi kufanya kazi na shirika dogo la vijana. Alikaa kwenye kiti, akakataa chai, akakubali, akaeleza shida yake.

"Mama Emérence, watu wengi wa hapa wamefika juzi tu, wamekimbia kwao. Watoto wanapita mbele ya nyumba, hawajue iko nyumba ya nini. Tutapaka namba ku mawe, mutaa muzima. Muntu anasimama ku jiwe, anafungua telefone, anasikia historia ya ile fasi amesimama. Inaitwa guide audio."

"Na mwenye hana telefone?"

"Siku ya Mungu, kisha misa, tutatembea pamoja, na haut-parleur, watu wote wasikie."

"Na mimi nifanye nini?"

"Usome, Mama. Sauti yako njo ile watu wanajua."

Emérence hakufurahi, hakukataa. Alisema sawa.

Walirekodi nyumbani kwa Laurence, godoro limesimamishwa dirishani ili kelele za barabarani zisiingie. Laurence alikuwa amezunguka kwa wazee akiuliza, kisha akaandika. Emérence alisoma habari za kanisa la kwanza, ambalo kengele yake ilikuwa rimu ya lori. Alisoma habari za chemchemi ambapo wazee wa Kihunde walimwaga kasiksi kidogo, pombe ya ndizi, kabla ya watu kupanda mbegu, na Wakristo wa leo wanachota maji bila kuuliza. Alisoma kiwanja cha mpira kilichowahi kuwa soko la ng'ombe, na daraja lililojengwa upya mara nyingi mpaka mtaa ukaacha kulipa jina. Kwenye fromagerie karatasi ilisema: "Hapa palitengenezwa fromage iliyouzwa mpaka Kinshasa. Ilifungwa kwa sababu ya vita." Akaisoma. Laurence akamshukuru, wakaendelea na jiwe lililofuata.

Kesho yake Laurence alirudi mbio, macho mekundu.

"Mama, unisamehe. Wameniambia jana magaribi. Sikujua kama Papa Sébastien alikufa pale."

"Ungejua namna gani? Ulikuwa Goma."

"Tutaondosha ile jiwe."

"Hapana. Andika na jina lake. Nitasoma."

Laurence aliandika mistari mitatu papo hapo. Emérence aliisoma mara moja, bila kukosea: Sébastien, mtengenezaji wa fromage, aliuawa mlangoni hapa siku ya vita, akafa palepale. Kisha akauliza kama kuna lingine la kusoma.

Sauti zilipoanza kuzunguka, zilikwenda haraka kuliko vijana walivyotegemea. Watu walipashana kutoka simu hadi simu. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Lushebere wanawake walizisikiliza wakichambua maharagwe, ingawa mawe yenyewe hawakuyaona. Watu wawili walikuja kulalamika kwamba babu zao hawakutajwa kwenye soko la ng'ombe, na Laurence akaahidi kuongeza. Njiani watoto walimwiga Emérence: "Umefika ku jiwe namba moja," kwa sauti iliyonyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Alipita bila kugeuka.

Asubuhi moja Mukankusi alibisha hodi. Alikuwa mama wa makamo, mfugaji wa kule juu, na zamani alileta maziwa fromagerie kila siku. Baada ya vita alikaa muda mrefu Goma. Alikuwa amerudi karibuni na ng'ombe wachache. Emérence alimfahamu kwa salamu tu. Alimpa kiti. Mukankusi hakukaa.

"Mama Emérence, nimesikia ile sauti. Inasema alikufa palepale."

"Njo vile waliniambia."

"Hapana." Mukankusi alishika ukingo wa mlango. "Nilikuwa naye."

Emérence aliweka chini ungo aliokuwa ameushika.

Mukankusi alieleza akiwa amesimama. Siku ile alikuwa ameshuka na bidoni yake kama kawaida. Milio ilipoanza, Sébastien alimvuta ndani, akamficha nyuma ya pipa kubwa. Kisha alitoka kwenda kufunga mlango, akapigwa hapo. Mukankusi alimburuta kidogo ukutani. Aliishi bado, na aliongea. Aliomba maji, na maji hayakuwako.

"Nilimumiminia maziwa ku kifuniko cha bidoni. Unajua kila siku alikuwa ananigombeza? 'Mukankusi, umetia maji!' Mbele ya watu wote. Ile siku akakunywa, akaniangalia. Akasema, 'Leo haina maji.' Akacheka. Kidogo tu, ilimuuma. Nilimushika kichwa mpaka akanyamaza."

"Alikunywa yote?" Emérence aliuliza.

"Nusu."

"Na kisha?"

"Nikakimbia. Nilipitia ku mutaro, nyuma." Sasa Mukankusi alikaa. "Niliogopa kukuja kwako. Mimi ni muntu wa ngombe, ninyi ni watu wa shamba, na ile wakati kila muntu alikuwa anauliza mwenzake wewe ni wa nani. Wangeuliza sababu gani yeye alikufa na mimi nilipona. Nilisema nitakuja kesho. Kesho ikaendelea tu."

Emérence alimwangalia. Alingoja kitu kimpande kifuani, hasira ama huzuni, kama mtu anavyongoja kupiga chafya. Hakikuja. Aliona tu, wazi kabisa, kifuniko cha bidoni, na ndevu za Sébastien zenye maziwa. Aliwasha moto, akapika chai, wakanywa pamoja. Mukankusi alipoinuka kuondoka, Emérence akamwambia, "Uyaseme ku telefone ya Laurence. Kama ulivyoniambia mimi."

"Mimi? Sijue kusoma."

"Haiko ya kusoma."

"Watu watasema nini?"

"Waseme."

Mukankusi akashika njia ya mlimani. Zikapita wiki mbili hivi, kisha akatuma neno kwamba waje, ila kwake, si penye fromagerie. Emérence na Laurence walipanda mlima asubuhi kwenye umande. Mukankusi alikuwa amevaa kitenge cha kanisani kana kwamba atapigwa picha. Alianza vibaya, akasahau, akaanza tena. Alipofika kwenye kifuniko cha bidoni, ndama mmoja akalia nyuma ya nyumba. Laurence alitaka kurudia. Emérence alimzuia kwa mkono.

"Iache."

"Lakini Mama, ndama anasikika."

"Iache na ndama."

Walifuta ile mistari mitatu, wakaweka maneno ya Mukankusi. Mitaani yalizuka maneno, kama alivyoogopa. Wengine walisema amejitungia ili apate jina. Ndugu mmoja wa Sébastien alikuja kumuuliza Emérence kwa ukali kwa nini amemruhusu mwanamke yule kumsemea ndugu yao. "Kwa sababu yeye njo alikuwako," Emérence alijibu, na kwa kuwa sauti yake haikupanda, shemeji hakupata mahali pa kushikia ugomvi. Mama mmoja wa kambini alimwomba Laurence amrekodi naye, kuhusu mwanawe aliyekufa Buleusa, ingawa Buleusa ni mbali na haina jiwe lolote.

Siku ya Mungu iliyofuata, baada ya misa, Emérence alitembea na kundi kwa mara ya kwanza kama msikilizaji. Walikuwa wanafunzi wa sekondari na akina mama wachache wa kambini, Laurence mbele na haut-parleur begani. Emérence alisikia sauti yake ikisoma habari za kanisa, chemchemi, kiwanja. Ilikuwa kama kumsikia jirani asiyemjua sana.

Penye fromagerie paa lilikuwa limekwisha kung'olewa, na majani yalikuwa yameota hadi mlangoni. Sauti ya Mukankusi ikatoka, na ndama wake. Aliposema, "Leo haina maji," mwanafunzi mmoja wa kike alicheka kwa nguvu, kisha akajiziba mdomo, akamtazama Emérence kwa hofu. Wenzake walimkodolea macho.

"Cheka, mutoto," Emérence alisema. "Na yeye alicheka."

Hakulia. Kundi liliposogea kwenda darajani, alibaki kidogo ameegemea ukuta, mkono juu ya matofali, ambayo yalikuwa na joto la jua. Alimsikia Laurence akimwita kutoka chini. Alipofika barabarani alipita kwa mama aliyekuwa akichoma mahindi, na akagundua kwamba ana njaa. Si njaa ya saa za kula, njaa kweli, ya kwanza kwa miaka mingi. Alikula hindi lote akiwa amesimama, akaomba jingine.