Mlio wa Tezo

Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya nyumba, nikinoa tezo. Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na sisi wachongaji tulijuana kwa mlio: tezo ikigonga mpingo mkavu, unajua ni nani yuko kazini. Mke wangu Somoe alisimama mlangoni na ndoo tupu. Upande wa kisimani kukasikika ko, ko, ko.

"Nini hicho?" aliuliza.

"Kaka yako huyo, leo kawahi. Nenda tu."

Akaenda.

Zilikuwa risasi.

Nilimvuta binti yetu Tatu, miaka kumi na miwili, tukalala kwenye mihogo mpaka wenye bunduki wakapita. Somoe nilimkuta njiani, ndoo ingali mkononi. Nilimzika palepale. Kisha tukatembea.

Sasa tunaishi Goba. Wachongaji wenzangu wa huku walinipa gogo na nafasi kibarazani. Kila nilipogonga mara moja, mikono iliingia ganzi hadi viwikoni. Sikulia hata siku moja. Watu walinisifu kuwa nina moyo mgumu. Moyo gani? Sikuusikia popote.

Tatu alikua, akapata kazi ya jikoni kwenye banda la farasi, Kawe. Mwalimu wa pale, Neema, huwapokea watu waliopitia makubwa, wakakaa na wanyama.

"Baba, twende ukamwone farasi."

"Nimekuwa wa kutibiwa na farasi?"

Nilikwenda ili aniache.

"Shikamoo baba," Neema alisema. "Huku hatupandi. Msugue na brashi tu. Ukibana pumzi, atakuhama."

Alinihama kweli. Wiki tatu yule jike wa rangi ya karafuu alinigeuzia makalio, nami sikumlaumu. Wiki ya nne nilitangulia uwanjani, nikasubiri. Neema akamtoa bandani, kwato zikapita juu ya saruji.

Ko, ko, ko.

Nilikuwa chini kabla sijajua. Mzee mzima, kifudifudi kwenye samadi.

Hakuna aliyekimbia. Kwato zilinyamaza. Pumzi ya moto ikanifikia shingoni.

"Anakusubiri, baba," Neema alisema. "Pumua naye."

Nilipiga magoti, nikaweka kiganja ubavuni mwake. Ubavu ulipanda, ukashuka. Nami nikafuata. Baada ya muda kiganja kilisikia joto. Kwa miaka yote ile hakikuwa kimesikia kitu.

Tatu alikuwa amesimama penye uzio na kikombe changu cha chai. Yale niliyomficha yakanitoka.

"Mimi ndiye niliyemwambia mama yako aende."

"Najua, baba. Nilikuwa nyuma yake." Alikitazama kikombe. "Aliponigeukia mie, nikamwambia ni mjomba kweli. Na mie nilisikia tezo."

Kumbe naye alikuwa ameubeba mzigo huohuo tangu utoto wake, akilala chumba cha pili. Hilo liliniuma kuliko kaburi.

Farasi hakumrudisha Somoe, wala hakutusamehe. Hajui habari zetu. Alisimama tu mpaka tukaweza kusema. Naendelea kwenda kumsugua.

Nyumbani nimeanza kuchonga tena, kidogo kidogo. Mikono bado hufa ganzi siku nyingine. Kabla ya kugonga huita kwanza: "Tatu, ni mimi."

"Nimesikia, baba."

Ndipo nagonga.