Jina Lililofunga Maji ya Katogota

Jua halijatoka vizuri Kalundu, mjini Uvira, na Capitoline Nabintu anapuliza makaa huku jicho moja likiwa kwenye kompyuta iliyo juu ya kigoda. Anaandika amri fupi, anabonyeza, anasubiri. Mbali kule Katogota, kwenye bonde la Ruzizi, pampu inaanza kuvuta maji. Jibu likifika anacheka peke yake, kisha anarudi kwenye uji wa watoto.

Ndiyo kazi yake: yeye ni fundi wa pampu za chama kimoja cha maji. Zamani kuwasha au kuzima pampu kulidai safari ya pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi, na vizuizi vya barabarani ambako, anasema, roho ilikuwa juu juu kila aliposimamishwa. Leo anaiamuru kompyuta ya kule akiwa nyumbani.

Hakuna neno la siri la kukariri. Kompyuta yake inabeba cheti cha kidijitali chenye jina lake, na ile ya kwenye pampu ina cha kwake. Kabla amri haijapita, kila moja huonyesha cheti chake na kukagua cha mwenzake, na mazungumzo yote hufumbwa ili mtu wa njiani asiyasome. Asiye na cheti hasikilizwi. Mwenye nacho hutiiwa, na jina lake huandikwa.

Mwaka jana mama yake alifariki huko Baraka. Capitoline alinakili cheti chake kwenye flashi, akamwachia Michée, mwenzake wa kazi, akaenda msibani.

“Kwetu mutu akienda ku kilio, anaachia jirani ufunguo wa nyumba,” anasema. “Minye niliona ni vile vile.”

Michée naye, kwa moyo mzuri kabisa, alipougua malaria akampa kijana mwingine wa chama. Huyo alitaka kuzima pampu ya Mutarule ifanyiwe matengenezo, akazima ya Katogota. Alipoona jibu kwamba imezimwa, aliridhika, akafunga kompyuta.

Wanawake wa Katogota wakarudi kuchota mtoni. Watoto wakaanza kuhara, na mtoto wa Pélagie, mkulima wa mihogo, akalazwa akiwa na dripu mkononi. Mungu mkubwa, akapona. Chama kilipofungua kumbukumbu za amri, kikakuta jina moja tu, la Capitoline.

“Nilikuwa nashika udongo wa kaburi ya mama,” anasema. “Na machine inasema ni minye nimefunga maji.”

Viongozi walimkaripia kwa kugawa cheti, lakini walijua alikuwa msibani, wakamwacha kazini. Katogota hawakujua. Kule jina lake likawa la kutemewa mate, na hilo lilimuuma kuliko ukali wa wakubwa.

Alikibatilisha kile cheti, akatengeneza vipya, kila mtu na chake. Cha Michée kinawasha na kukagua, kuzima hakiwezi. Michée akanuna, akasema anafanywa mwizi. Capitoline alimjibu kwa upole kwamba siku pampu ikizimwa vibaya, yeye ndiye atakayeshukuru kwamba jina lake halimo.

Kisha akapanda pikipiki kwenda kwa Pélagie, bila kutumwa na mtu. Mwenyeji alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, asimpe hata kiti. Mwishowe akamuuliza jambo moja: “Weye unakunywaka maji ya wapi?”

Capitoline anakunywa ya Uvira, si ya pampu ile. Aliondoka na swali hilo, akarudi nalo mara ya pili na ya tatu, mpaka akakaribishwa kuketi.

Siku hizi kila Jumamosi Pélagie anajifunza kompyuta kwenye kibanda cha pampu, Capitoline akiwa pembeni. Mpango ni kwamba kabla ya mvua Pélagie awe na cheti chenye jina lake, na kuzima pampu ya Katogota kuwe mikononi mwake peke yake.

“Mwenye kufunga ile maji awe mwenye anaikunywa,” anasema Capitoline. “Ata minye, machine inikatalie.”