Foni ya Depo ya Samaki

Juzi vijana wa kwaya yetu walinialika kwenye mjadala wao: je, simu zimeua mazungumzo kati ya watu? Kijana mmoja mwenye tai akasema zamani familia zilikaa pamoja jioni, zikaongea, zikasikilizana. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilitamani kumrushia kiti. Zamani ipi hiyo? Nyumbani kwetu, kwenye kambi ya wafanyakazi hapa Likasi, baba aliongea kwa mkono.

Baba alikuwa mtu wa baruti kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, Kakontwe. Alitoboa mwamba, akaulipua, akarudi nyumbani na vumbi jeupe masikioni. Masikio yenyewe yalikuwa yamekufa nusu. Ukimjibu polepole alidhani unamnung'unikia, ukimjibu kwa sauti alidhani unampanda kichwani, na jibu la kati halikuwepo. Mama alipigwa kwa mkanda, kwa kiatu cha kazi, kwa mguu wa stuli. Nyumba za kambi zilijengwa mbilimbili na ukuta mmoja katikati, kwa hiyo jirani alisikia kila kitu. Mama akianza kulia, jirani aliongeza sauti ya redio. Mpaka leo nikisikia nyimbo za kumsifu rais za miaka ile, mwili wangu unasisimka, na wala si kwa sababu ya rais.

Jioni ya kuamkia siku aliyoondoka mama, alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwetu. Baba aliuliza kwa nini maji ya kuoga ni ya baridi. Mama akaanza, "Makala ili..." Alitaka kusema makaa yameisha, hakufika mwisho. Baba alimnyang'anya mwiko, bado umeshika unga wa moto, akampiga nao usoni, akampiga tena, mpaka mwiko ukakatika. Jino la mama lilianguka ndani ya sufuria. Nilikuwa na miaka tisa, na nilichowaza ni kwamba sasa tutakula nini. Kulipokucha baba alinifungia chumbani kabla ya kwenda kazini, maana alijua mama hataondoka bila mimi. Alikosea. Mama alinisemesha kupitia tundu la mlango, damu mdomoni, kisha akapanda lori la samaki lililokuwa linarudi tupu Kasenga, kwao, kando ya mto Luapula.

Kwetu mke akikimbilia kwao, mume anamfuata. Anakwenda na mzee wa ukoo na mbuzi, anakaa chini kwenye mkeka, wakwe wanamsema mpaka wachoke, na yeye anameza. Wakiridhika, wanamrudishia mke mbele ya mashahidi. Baba hakutaka. Alisema hawezi kwenda kukalishwa chini na wavuvi. Ndipo mwenzake wa kazini akamwambia kuna foni, mambo yote yanamalizwa bila mtu kutoka Likasi. Nilimwona baba akitabasamu, jambo la nadra.

Foni ilikuwa redio ya kusemea, ndani ya depo ya samaki pale Kikula. Mwenye depo aliiweka ili aulize Kasenga kama samaki wamepatikana, na mchana watu wengine waliruhusiwa kuongea na ndugu zao. Sanduku la chuma mezani, betri ya gari chini yake, waya mpaka kwenye paa, na ukutani picha ya rais na kofia yake ya chui. Sauti ilitoka kwenye spika, kwa hiyo benchi zima lilisikia nani amezaa, nani amekufa, nani amefumaniwa. Wenye foni zao Kilwa, ile ya huku kwetu, walisikia, Pweto walisikia. Watu walikuja kusema yao, wakabaki kusikiliza ya wenzao, wakicheka mpaka machozi.

Mambo yote yalikuwa kwenye kitufe. Ukitaka kusema, unabana kitufe cha mikro, kile kipaza sauti cha mkononi, na ukikibana hakuna wa kukukatiza. Wa upande wa pili apige kelele atakavyo, hutamsikia. Ukimaliza unasema "à toi", yaani zamu yako, unakiachia. Ukimaliza kabisa unasema "terminé", na basi.

Baba alisimama mbele ya sanduku kama anaongea na kibarua wake.

"Weye muke, rudia ku nyumba. Kesho lori ya samaki itatoka uko, panda. Mutoto iko nalia kila siku. À toi."

Sikuwa nimelia hata siku moja. Niliogopa.

Spika ikakwaruza, halafu mama. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. "Leo miye njo nitasema, na weye utasikia. Umenivunja jino. Mwaka ya kupita ulinivunja mukono. Ulinipiga teke, mimba ikatoka, ukasema nimeanguka."

"Nyamaza!" baba alilipigia kelele sanduku.

"Papa, hakusikie," mwendesha foni alimwambia. "Ngoja aseme à toi."

Mtu kwenye benchi akacheka, kisha akaacha. Mama aliendelea. Alisema ya mkanda, ya kiatu, ya stuli, moja baada ya jingine, na kila sentensi aliifikisha mwisho. Sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi mbele ya baba. Nililipenda sanduku lile, nalisema bila aibu, kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle ndani. "Ukinitaka," mama alisema, "kuya huku, ikala chini mbele ya bakubwa. À toi."

Baba alikuwa amevimba mishipa ya shingo. Akanishika kisogoni, akanisukumia mikro mkononi. "Lia," alisema. "Ambia mama yako arudie."

Nilimtaka mama. Nilitaka anisuke, nilitaka alale upande wangu wa mkeka. Nilijua pia kwamba nikilia atakuja, na akija atakufa. Nikabana kitufe.

"Mama, usirudie. Ikala uko. Atakuua."

Kofi la kwanza lilinipasua mdomo. La pili lilinipeleka kwenye pembe ya meza, nikasikia kichwa changu kikilia kwenye mbao. Nilianguka, na mikro nikaanguka nayo, maana kiganja kilikuwa kimejifunga juu ya kitufe na hakikufunguka. Baba akaanza na miguu. Alikuwa amevaa viatu vyake vya machimbo, vya chuma mbele, akanipiga mbavuni, mgongoni, tena mbavuni. Nilipiga kelele, na kelele zangu zilikwenda Kasenga moja kwa moja.

"Papa! Utaharibu appareil!" mwendesha foni alilia. Hiyo mashine ndiyo iliyomuuma. Watu wa benchi walisimama, wakasogea ukutani ili wasikanyagwe, wakabaki kuangalia. Mwanamke mmoja alifunika macho ya mtoto wake.

Mwishowe vidole vyangu vililegea. Spika ikakwaruza. Mama alikuwa anasema, sijui alikuwa ameanza lini:

"...nakuya, nakuya, leka mutoto, umuache. Nakuya na lori ya kesho. Leka mutoto. À toi."

Baba aliokota mikro, akaifuta damu yangu kwa shati lake, akakibana kitufe taratibu.

"Terminé," alisema.

Mama alikuja na lori, amekaa juu ya vikapu vya samaki wakavu. Hapakuwa na mkeka, mbuzi wala mashahidi. Kwa mila alikuwa amerudi mwenyewe, na mke aliyerudi mwenyewe wakwe hawana tena wa kumsema. Baba alijua hivyo, na hakungoja hata wiki. Alimpiga miaka mingine mingi, mpaka siku mwamba wa Kakontwe ulipomwangukia, na mimi sikulia. Wiki ile ile ya foni, jirani yetu alikuja kunipa pole kwa mdomo wangu uliopasuka, mara ya kwanza kabisa kuvuka kizingiti chetu, akasema amepata habari zetu za ku foni. Miaka yote kabla ya hapo alizisikia kupitia ukuta.

Siku aliyofika mama, alinikalisha nje, akaniosha mdomo kwa maji ya chumvi. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kweli. Nilimwuliza kama foni ilikuwa mbaya. Nilimwuliza kama hakusikia niliposema asirudi.

"Nilisikia," alisema. "Na yenye ilifuata nilisikia."

Basi juzi, kijana wa tai alipoona nimekunja uso, akanifuata kwenye kiti changu, akanipa mikro nitoe maoni yangu. Ilikuwa na kitufe pembeni. Nilikibana, nikawaambia kwamba siku moja niliongea na mama yangu kwa mashine, akiwa mbali sana, na alinisikia vizuri. Wakapiga makofi. Nilikaa chini, nikagundua bado nimekibana.