Karisa Mkalimani na Minazi ya Bi Kavumbi

Kwa miaka kumi na minane, Karisa wa Mwambire alilipwa aseme maneno ya watu wengine. Alikuwa mkalimani wa mahakama, Malindi. Hakimu akisema Kiingereza, Karisa alikigeuza Kigiriama. Mkulima wa Ganze akijibu, alimrudishia hakimu Kiingereza, matusi na yote. Maoni yake mwenyewe aliyameza, maana kiapo kilimkataza kuingilia kesi. Ndiyo sababu tumbo lake lilikuwa kubwa, kwa mujibu wa mkewe Nyevu.

Kila mwaka, chuo kikuu kikifungwa, mwanafunzi mmoja wa sheria aliletwa akae na hakimu wiki nane. Mwishoni hakimu alijaza fomu ya alama, na asiyezipata haingii mwaka wa mwisho. Mwaka wa themanini na sita alikuja Jedida Thuku kutoka Nyeri, mwepesi wa kuandika, mzito wa kusalimu. Siku ya kwanza alisema "Habari?" tu. Karisa akamtazama mpaka akapata shikamoo yake.

Hakimu alimpa kesi ya Bi Kavumbi wa Ganda. Mtu aitwaye Tsuma alikuwa amenunua shamba, kisha akamzuia bibi huyo kuangua nazi katika minazi saba iliyomo, ambayo bibi alidai ni yake.

"Niandikie maoni yako kufikia Ijumaa," hakimu alisema. "Alama zako zote ziko hapo."

Jumatano, saa ya mahamri na mbaazi, Jedida alimsomea Karisa kurasa tisa kwa furaha: anunuaye shamba hununua na kila mti uliosimama ndani yake. Mbaazi zikampalia Karisa. Pwani nzima yajua kwamba shamba laweza kuwa na mwenyewe, na minazi ikawa na mwenyewe mwingine. Binti alikuwa anakwenda kuanguka, na Karisa alikwisha kumpenda kwa bidii yake. Lakini kiapo je?

Alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Mwanangu, nisindikize sokoni. Nyevu kaniagiza nazi."

Kununua nazi si kuingilia kesi. Hilo alijihakikishia mara mbili njiani.

Sokoni alimwachia Jedida achague. Kisha akamuuliza muuzaji, mama aitwaye Kadii, kwa sauti ya kusikika, "Nazi hizi ni za shamba lako?"

"Shamba ni la Charo," Kadii akajibu. "Minazi ndiyo yangu. Kaipanda marehemu baba, kwa ruhusa. Shamba lishauzwa mara mbili, na mimi naangua vile vile."

Jedida alisimama na nazi mkononi. Jioni ile alizichana kurasa zote tisa.

Ijumaa alileta mpya: kwanza iulizwe nani aliyeipanda minazi, na majirani wa Ganda waitwe washuhudie. Hakimu alisoma mara mbili.

"Nani amekufunza haya?"

"Mzee Karisa alinipeleka kununua nazi."

Karisa, aliyekuwa kando, aliiona kazi yake ikimponyoka. Hakimu alimkazia macho, kisha akaivuta fomu.

"Karisa, nimpe ngapi?"

"Mheshimiwa, nimtafsirie nani?"

"Hakuna wa kutafsiriwa. Nataka neno lako wewe."

Miaka kumi na minane, na hakuna aliyewahi kumwomba hilo.

"Themanini," akasema.

Hakimu akaandika. Jedida, roho imeshatulia, akauliza, "Na zile ishirini, mzee?"

"Ulinichagulia koroma, si nazi iliyokomaa," Karisa akasema. "Nyevu hakupata tui hata kijiko kimoja."