Taa Zimewaka

Simu ilipolia karakanani, Futi alikuwa na pini mdomoni na pazia zito la ofisi limemlalia mapajani. Jina hilo alipewa na rafiki zake, baada ya kwenda disko akiwa amesahau kamba yake ya kupimia shingoni. Alicheza nayo mpaka watu wakadhani ni mtindo mpya. Alitema pini, akatazama simu. Alikuwa Spika.

Spika naye hakubatizwa bure. Zamani, ukumbi ukiwa umefurika na muziki unatikisa kuta, yeye angeita kutoka upande wa pili na ukamsikia. Lakini tangu ahamie kwa mumewe, mwalimu wa udereva, simu zake zilikuwa za kuokoteza, na alipopiga aliongea kama mtu aliye msibani.

"Futi, hujambo?"

"Sijambo, mwenzangu! Umepotea jamani, mpaka nikasema labda tumekukosea."

"Nipo. Naulizia mwavuli wangu. Uko kwako?"

"Upo. Ule mweusi, umevunjika ubavu mmoja."

"Niletee basi. Niletee leo."

Nyuma yake sauti ya kiume iliuliza kitu, taratibu, na simu ikakatika.

Futi aligeuza shingo kutazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka, na mbwa wa jirani amejibanza kwenye kivuli cha pipa. Mwavuli wa nini leo?

Walikuwa watatu enzi zile: yeye, Spika na Nesi. Kwenye kumbi za muziki huwezi kumnong'oneza mwenzako jambo wakati mwanamume unayetaka kumsema amekukalia ubavuni. Kwa hiyo walijitungia maneno yao. Kupiga pasi ilikuwa kucheza mpaka nguo ikugande mwilini. Askari wa zamu alikuwa yule asiyekunywa siku hiyo, mlinzi wa mikoba na glasi. Taa zimewaka maana yake imetosha, nataka kuondoka, kwa vile ukumbi ukikaribia kufungwa taa kubwa huwashwa na kila mtu anaonekana alivyo. Kulikuwa na ishara isiyo na neno pia: ukimwona mwenzako amevua viatu amevishika mkononi, hamna kuaga, hamna kuuliza, mnatoka.

Na mwavuli? Mwavuli maana yake njoo usimame karibu yangu, huyu mtu simwelewi.

Shida ni kwamba mwavuli wenyewe ulikuwepo kweli, nyuma ya mlango wa chumbani kwa Futi, na Spika alikuwa na haki ya kuutaka. Futi alirudi kwenye cherehani, akashona mstari ukaenda upogo, akaufumua, akashona tena ukaenda upogo vilevile. Akampigia Nesi kazini, hospitalini.

"Mwavuli ni mwavuli, Futi," Nesi alisema. "Maneno yale tuliyaacha tulipoacha visigino virefu."

"Kwa jua hili, Nesi?"

Nyuma ya Nesi kitanda cha magurudumu kilipita kikilia.

"Mara ya mwisho ulizungumza naye lini bila shemeji kuwa pembeni?" aliuliza hatimaye.

Futi alitafuta kichwani, asipate. Nesi naye hakupata.

"Yule mtu amezoea gari lenye breki ya pili," Nesi alisema. "Wewe unashika usukani, yeye ndiye anayeamua unasimama wapi. Nenda ukamwone. Nikikosea, nitakununulia soda. Nisipokosea, niko zamu mpaka jioni, na mlango wetu wa dharura haufungwi."

Futi alimuaga mwenye karakana, mama mmoja mnene asiyependa maswali, akisema anakwenda kupima madirisha ya rafiki yake. Alipitia kwake kuchukua mwavuli, na njia nzima alijigombeza. Unaingia nyumba ya watu kwa sababu ya neno la ulevini. Ukifika ukakuta wanacheka, utasema nini? Halafu akajiuliza: na nisipokwenda?

Shemeji ndiye aliyefungua mlango. Shati lake lilikuwa limenyooka kama karatasi.

"Shemeji! Karibu sana. Mke wangu hakuniambia kama ungefika mapema hivi."

"Nimepita tu, shemeji. Nimeleta mwavuli, na zile pazia nilizomwahidi nataka nipime."

Aliupokea mwavuli, akaufungua palepale sebuleni, akautazama ndani na nje, akaukunja na kuusimamisha pembeni. "Angesema tu, ningemnunulia mwingine," alisema, na akatabasamu.

Spika alikuwa amekaa kwenye kochi, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Alikuwa amevaa vizuri. Uso haukuwa na alama, wala mikono. Nyumba ilikuwa safi, chai ililetwa, mwenyeji alikuwa na adabu kuliko wanaume wengi ambao Futi aliwahi kuwaona. Hapakuwa na kitu cha kukinyooshea kidole, isipokuwa simu mbili zilizolala mezani mbele ya shemeji, moja yake na moja yenye jalada jekundu la Spika, zimepangwa sambamba kama kijiko na uma.

Futi alivuta kamba yake na kwenda dirishani. Alisoma kipimo mara tatu bila kukishika.

"Njoo unishikie huku, dada," alimwambia Spika. Spika alimtazama mumewe kwanza, ndipo akainuka. Shemeji naye alisogeza kiti chake akakaa karibu nao, akikoroga chai.

"Chumba hiki mwanga unaingia sana?" Futi aliuliza, kama fundi yeyote.

Spika alishika ncha ya kamba. Hakugeuka.

"Mwanga?" alisema. "Taa zimewaka zamani, dada."

Kijiko cha shemeji kikasimama kikombeni. Alinyanyua macho kwenye dari. Balbu ilikuwa imezima.

"Taa gani?" aliuliza. "Mbona sioni taa iliyowaka?"

Futi alijisikia anacheka, kicheko chembamba kisicho chake. "Lugha ya mafundi hiyo, shemeji. Dirisha likipigwa jua mchana kutwa tunasema taa zimewaka. Hapa kitambaa chepesi hakifai. Tena rangi ni lazima achague mwenyewe karakanani, nisije nikashona akaikataa."

"Lete vipande vya kitambaa hapa, achague."

"Ni marobota, shemeji. Siwezi kuyabeba."

Shemeji alifikiri. Wakati huo honi ikapigwa nje, mara moja, kwa woga. Alitazama saa yake. "Mwanafunzi wangu amekuja. Basi vizuri, tutawapeleka. Mtachagua, mimi nitasubiri, tutarudi pamoja." Alichukua simu zote mbili, akazitia mfukoni.

Mwanafunzi alikuwa mzee mmoja mstaafu wa benki, amevaa koti, ameshika usukani kama anayening'inia juu ya shimo. Shemeji alikaa pembeni yake, miguu karibu na pedali zake. Wanawake wakaketi nyuma. Gari likaondoka kwa kurukaruka.

"Klachi taratibu, mzee wangu. Taratibu," shemeji alisema, kwa upole uleule.

Futi aliishika mikunjo ya sketi yake. Hakuwa na mpango wowote. Wangefika karakanani, Spika angegusa vitambaa, shemeji angesimama mlangoni na funguo mkononi, halafu wangerudi. Alimtazama Spika kwa pembe ya jicho. Spika alitazama mbele, shingo imenyooka. Kwenye kioo cha kati macho ya shemeji yaliwapitia, yakarudi barabarani.

Walipofika kwenye mzunguko mkubwa karibu na hospitali ya akina Nesi, lori liliwakata mbele. Mzee alishtuka, shemeji akakanyaga breki yake, gari likakohoa na kuzima katikati ya njia. Mzee akaliwasha, likazima. Akaliwasha tena, likaruka mbele kidogo, likazima. Nyuma yao honi zikapasuka.

"Usiogope. Gia iwe huru. Huru, mzee, hiyo ni ya pili!"

Ndipo Futi alipohisi kitu kikimgusa pajani. Akainamisha macho. Spika alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi.

Futi hakufikiri. Alivuta kitasa, mlango ukafunguka upande wa magari, pikipiki ikampita karibu imkate mguu, akamshika Spika mkono wakatoka.

"Nyie! Mnakwenda wapi?" Ile sauti ya upole ilikuwa imeisha. "Rudi ndani! Nimesema rudi!"

Alifungua mlango wake, akatoa mguu mmoja, na gari likaanza kurudi nyuma. Mzee alipiga kelele, "Mwalimu, breki! Mwalimu!" Shemeji akalazimika kurudi kitini kuikanyaga. Walikuwa karibu kuligonga gari la mtu nyuma yao, dereva wake ameshuka anatukana, na mzee ameachia usukani kabisa, mikono kichwani.

Walikimbia katikati ya magari, mmoja na kamba shingoni, mwingine peku. Futi alisubiri mkono wa kumkamata begani, hata walipovuka geti la hospitali, hata walipoingia mlango wa dharura na mlinzi akawauliza nani mgonjwa. Nesi alitokea kwenye korido, akawaona, akawasukuma kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kuegemea mlango kwa mgongo.

Spika alikaa chini sakafuni.

"Hakunipiga," alisema. "Ndiyo maana sikujua nimwambie nani, niseme nini. Alianza na simu, tuisikilize pamoja. Kisha kazi, niiache kwanza. Kisha funguo. Juzi alinifungia akaenda kazini, akarudi akaniomba msamaha vizuri sana, jioni yake akanifungia tena." Alimtazama Futi. "Niliogopa utanielewa vibaya, uje kweli kuleta mwavuli tu."

"Nilikaribia," Futi alisema, na machozi yakamtoka yeye, si Spika.

Jioni hiyo kaka mkubwa wa Spika alikuja kumchukua, mtu wa maneno machache, akaenda naye polisi kutoa taarifa, kisha akampeleka kwake, anakoishi na mke wake na watoto. Mambo hayakwisha hapo. Shemeji alikwenda kwa kaka akiwa na wazee wawili, akazungumza vizuri hadi wazee wakaanza kumhurumia. Spika alikataa kutoka chumbani, na kaka akasema dada yake ameshajibu.

Kisha shemeji akaja karakanani. Futi aliinua macho kwenye cherehani, akamkuta amesimama mlangoni, shati limenyooka.

"Shemeji, sikuja kwa ugomvi," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Nyinyi mna lugha yenu, siyo? Nimewauliza mafundi wengine wa pazia. Hakuna anayesema taa zimewaka."

Kule kuzunguka kwake mji akiuliza, fundi baada ya fundi, kulimtisha Futi kuliko matusi.

"Hapa tunashona tu, shemeji."

"Nifundishe na mimi. Ni maneno tu."

Mwenye karakana alitoka nyuma ya marobota, mkasi mkubwa wa kukatia mkononi, akauliza, "Bwana unapima dirisha la wapi?" Shemeji alimtazama, akatazama mkasi, akasema ahsante, akaondoka. Mama yule akaendelea kukata.

Wale watatu walikutana kwa kaka siku chache baadaye. Nesi alisema maneno ya zamani yametupwa, yule mtu ameshayanusa, ni lazima watunge mengine. Walijaribu. Nesi alipendekeza neno la kitabibu ambalo wenzake hawakuweza kulitamka. Spika akacheka kidogo, mara ya kwanza. Wakapata mapya, wakayarudia mpaka yakakaa kichwani.

Spika sasa anakatisha tiketi katika kampuni ya mabasi, na ndoa ile iko mikononi mwa wakili. Wanasema atashinda kesi ya talaka. Futi naye ana ugonjwa mpya. Juzi dukani mwanamke mmoja asiyemjua, akiwa na mume wake, aliuliza mara mbili kama chumvi imekwisha. Muuzaji alimjibu ipo, akampa, wakaondoka. Futi aliacha vitu vyake kaunta, akatoka mpaka barazani, akawatazama mpaka wakapotea kwenye kona, na hata sasa hajui kama alipaswa kuwafuata.