Watoto Sifuri

Kliniki nzima ilimwita Mama Kumbukumbu. Miaka kumi na miwili alikuwa akitunza rekodi za chanjo za watoto, kwanza kwenye madaftari, kisha kwenye kompyuta iliyokaa chini ya meza yake, ubavuni mwa viatu vyake vya akiba. Asubuhi hiyo, kabla mabenchi hayajajaa, aliweka toleo jipya la programu inayohifadhi rekodi hizo. Maelekezo yalisema ni kazi ya dakika ishirini.

Kioo cha kompyuta kikaandika kwa Kiingereza kikavu: mlango huu wa mawasiliano unatumiwa na mwingine. Mwingine nani, naye alikuwa peke yake chumbani? Programu ikapendekeza mlango mwingine. Akakubali, akafungua orodha ya watoto.

Sifuri.

Akafunga, akafungua tena. Sifuri ileile. Chini yake: kuna hifadhi ya zamani isiyotambulika, ifutwe, uanze upya? Akajaribu nakala ya akiba ya Ijumaa. Nayo haikutambulika. Watoto elfu tisa, nani kachomwa sindano gani na lini, wameyeyuka kama chumvi majini.

Sista wa sindano akaingia na trei yake. "Mbona umekauka, dada? Umeona jini?"

"Watoto hawapo."

"Hawapo? Na hayo makelele huko nje ni ya nani, mbuzi?"

"Wa humu ndani, mwenzangu. Wote." Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Penye sifuri, kuna nini tena cha kupoteza?

Sista akainama kutazama. "Ajabu. Mimi nimetoka kumwona mmoja sasa hivi, kwenye kompyuta yangu. Mtoto pacha wa yule fundi cherehani. Amebakiza surua ya pili."

Kidole kikarudi nyuma kama kilichoguswa na moto.

Programu ya zamani ilikuwa hai, humo humo chini ya meza, na kompyuta ya Sista ilisoma kutoka kwake. Mama Kumbukumbu mwenyewe aliiagiza iamke kila alfajiri, mwaka ule alipokuwa akimuuguza mama yake na kuchelewa kazini, ili Sista asimsubiri. Mama yake alishazikwa, miaka mitano sasa, lakini agizo halikuambiwa likome. Huyo ndiye mwingine aliyeshika mlango, na watoto wote walikuwa naye, katika hifadhi ileile iliyokaribia kufutwa.

Akabonyeza "hapana".

"Sasa?" Sista akauliza.

"Mwite pacha," alisema. "Hii mpya itangoja."