Hasi Thelathini na Mbili Nukta Saba

Shule nzima ilimwita Mama Hasi, hata watoto waliozaliwa juzi. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa za maabara, na jina alipewa humohumo na mwalimu wa kemia, enzi hizo yeye ni msichana wa benchi la mbele.

Ulikuwa mtihani wa kumchagua mmoja aendelee na sayansi. Swali la mwisho: tafuta badiliko la nishati huru, useme kama mmenyuko utakwenda wenyewe. Joto lilitolewa kwa kilojuli, entropia, kipimo cha mtawanyiko, kwa juli. Akazidisha entropia kwa halijoto, akagawa kwa elfu, akatoa kwenye joto. Akapata hasi thelathini na mbili nukta saba: utakwenda. Mwalimu akampiga kosa kwa wino mwekundu, akacheka mbele ya darasa. "Jibu ni chanya, mwenzetu katuletea hasi! Basi tukuite Hasi." Nafasi ikaenda kwa mwingine, yeye akarudi nyumbani na jina.

Miaka thelathini na mitatu aliamini kwamba kichwa chake kibovu. Wanawe wakimletea hesabu, aliwaambia, "Mimi hesabu zilinikataa, muulizeni baba yenu."

Leo asubuhi akatumwa kuchoma makaratasi ya stoo. Ndani ya boksi lililoliwa na mchwa akakuta mwongozo wa kusahihishia mtihani ule, mwandiko wa mwalimu yuleyule. Akausoma amechutama. Juli elfu ni kilojuli moja, nani asiyejua? Bwana mkubwa hakugawa! Alichanganya juli na kilojuli kama mchele na chuya, akapata chanya elfu hamsini na tisa na ushei, namba isiyo na haya, na wala hakushtuka.

Mwalimu huyo sasa ndiye mkuu wa shule. Akampelekea karatasi. Hakutaka fidia wala cheti. Alitaka aambiwe neno moja tu: ulipata.

Mkuu akavaa miwani, akasoma, akasoma tena. Masikio yakamwiva.

"Yaliyopita si ndwele, mama," akasema, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. "Enhe, chupa za kidato cha nne zimekauka, Mama Hasi?"

"Zimekauka, Mwalimu."

Akatoka. Karatasi angeweza kuisamehe. Kilichomuuma ni kwamba ameitwa kwa jina lile, naye ameitika upesi, kwa adabu zote.